Kapasita za ubao mama wa kale hazichaguliwi kwa namba mbili tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe hoja zangu kuhusu makala iliyochapishwa katika ukurasa wa teknolojia, iliyowaeleza wasomaji namna ya kubadilisha kapasita, vile vijikopo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, kwenye ubao mama wa kompyuta ya kale. Ni jambo la kushukuru kwamba gazeti la Kiswahili limelipa nafasi suala hili, kwa kuwa wanaofufua mashine za miaka ya 1980 na 1990 ni wengi, na karibu wote huulizana swali lile lile: kapasita hii imekufa, niweke ipi badala yake? Hata hivyo jibu lililotolewa, kwamba inatosha kusoma namba mbili zilizoandikwa ubavuni, ile ya maikrofaradi (µF, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) na ile ya volti, kisha kununua yoyote yenye namba hizo au zaidi, ni nusu ya jibu. Na ule ushauri wa mwisho, kwamba asiyetaka usumbufu aweke tantali (kapasita ndogo za metali ya tantali badala ya alumini) kila mahali, unaweza kumteketezea msomaji ubao ambao hautengenezwi tena.

Namba mbili hizo zinaeleza ukubwa na mpaka wa kapasita, lakini hazielezi kazi yake. Kwenye ubao mmoja kuna kapasita zinazotuliza umeme unaoingia kutoka kwenye pawasaplai, kuna zinazokaa kando ya kichakataji zikikipatia mkondo pale kinapouhitaji kwa ghafla, kuna zinazopitisha sauti huku zikizuia mkondo mnyoofu, na kuna zinazopima ule muda mfupi ambao mashine husubiri kabla ya kuanza kazi. Zote zinaweza kuwa zimeandikwa 47 µF na 16 V, na bado kila moja ikataka mbadala wa namna yake. Ndiyo maana nasema kwamba anayechagua hana budi kuanza na sakiti, aijue kapasita inafanya kazi gani na ni nini kilichoiua, ndipo aende kwenye orodha za wauzaji.

Kuhusu kilichoiua, makala ilizichanganya kompyuta zote za kale katika fungu moja, ilhali kuna vifo vya aina tatu visivyofanana. Cha kwanza ni cha mashine zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati viwanda vilipoanza kutumia kwa wingi kapasita za alumini zinazobandikwa juu ya ubao badala ya zile zenye miguu inayopenya kwenye matundu. Macintosh SE/30 ya 1989, Macintosh Classic ya 1990, pamoja na Amiga 600 na Amiga 1200 za 1992 ni mifano inayojulikana sana. Baadhi ya kapasita za wakati huo zilitumia elektroliti (majimaji yaliyomo ndani ya kapasita) yenye chumvi za jamii ya amonia, ambayo baada ya miaka ilishambulia mpira unaoziba kitako cha kopo, ikapenya na kusambaa chini yake. Hapa kapasita haivimbi. Kwa macho inaonekana nzima, lakini lehemu iliyo pembeni yake imefifia na kuwa ya kijivu, njia za shaba zilizo karibu zimeanza kuwa nyeusi au kijani, na pasi ya kulehemu inapoigusa sehemu hiyo hutoka harufu kali ya samaki ambayo aliyeinusa mara moja haisahau.

Kifo cha pili ni cha mbao zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi, ambazo leo nazo zimeingia katika hesabu ya vitu vya kale. Kapasita za wakati huo, hasa kutoka kwa baadhi ya watengenezaji wa Taiwani, zilijazwa elektroliti yenye maji mengi ambayo haikuwekewa sawasawa kemikali za kuzuia maji yasile alumini. Gesi ya hidrojeni ikajikusanya ndani, kofia ya kopo ikavimba, na mara nyingine ikapasuka pale penye alama ya msalaba au ya herufi K iliyochongwa kwa ajili hiyo. Hasara yake haikuwa ndogo: mwaka 2005 Dell ilitenga dola za Marekani milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha kompyuta zake za OptiPlex.

Kifo cha tatu ni cha tantali zenyewe, zile ambazo makala ilizipendekeza, na nitakifikia baadaye kidogo.

Sasa nije kwenye namba. Kuhusu maikrofaradi sina ugomvi mkubwa na mwandishi wa makala. Kapasita za alumini kwa kawaida huuzwa na ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo iliyoandikwa 1000 µF inaweza kupimwa 800 au 1200 na bado ikawa sahihi kwa viwango vya kiwanda chake. Aliyekosa 1500 akaweka 1800 kwenye mstari wa umeme hana cha kuhofia. Kuhusu volti pia ni kweli kwamba ya juu zaidi hukubalika, iliyokuwa 6.3 V kwenye mstari wa volti 5 inaweza kubadilishwa na ya 10 V au 16 V bila madhara, ilimradi iingie mahali pake. Ninachokataa ni ile kauli kwamba kadiri volti zinavyozidi ndivyo kapasita inavyokuwa bora. Kuweka ya 63 V pale panapopita volti 5 ni kujitafutia kopo kubwa lisilotoshea, na hakuna kitu sakiti inachokipata kwa ziada hiyo.

Kilichoachwa kabisa katika makala ni ukinzani wa ndani, ambao karatasi za maelezo za watengenezaji huuandika kwa herufi ESR au huutaja kama impidansi katika masafa ya kilohezi 100. Kapasita yenye maikrofaradi nyingi lakini yenye ukinzani mkubwa wa ndani ni kama mtungi mkubwa wenye mdomo mwembamba: maji yamo, lakini hayatoki kwa kasi inayotakiwa. Kwenye mashine ya mwaka 1985, ambayo ubao wake ulipokea volti 5 zilizokwisha kutulizwa na pawasaplai, jambo hili halikuwa na uzito mkubwa, na kapasita ya kawaida ya ubora mzuri inatosha hadi leo. Lakini kwenye ubao wa mwaka 2002 kuna sakiti kando ya kichakataji inayopokea volti 5 au 12 na kuzishusha hadi chini ya volti 2 kwa kuwasha na kuzima transista mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita zilizopangwa hapo humezeshwa na kutemeshwa mkondo mkubwa bila kupumzika, na kila kizuizi kilichomo ndani yake hugeuka kuwa joto. Zilizowekwa na kiwanda mahali hapo zilikuwa na ukinzani wa takriban milioomu 10 hadi 30. Ya kawaida yenye maikrofaradi na volti zile zile inaweza kuwa na ukinzani unaozidi huo mara kadhaa. Mashine itawaka, mwenyewe atafurahi, kisha itaanza kujizima kila inapopewa kazi nzito, na baada ya miezi kofia zitavimba tena.

Kwa hiyo mahali hapo mtu asome mistari miwili ya karatasi ya maelezo: ukinzani wa ndani, ambao usizidi ule wa kapasita ya awali, na uwezo wa kubeba mkondo wa mawimbi, yaani ule unaoingia na kutoka bila kupumzika, ambao usipungue. Mifululizo ya zamani iliyobuniwa mahususi kwa kazi hii mingi imeondolewa sokoni, na iliyo rahisi kupatikana sasa, kwa mfano FR ya Panasonic au ZLH ya Rubycon, hufaa sehemu nyingi za ubao lakini haifikii kila mara ile mifululizo iliyokuwa bora kuliko yote. Ndiyo sababu kwenye safu ya kichakataji wengi wetu tumehamia kwenye kapasita za polima, ambazo hazina maji ndani. Ukinzani wake huweza kushuka chini ya milioomu 10, na kwa sababu hiyo ya 820 µF huweza kushika nafasi iliyokuwa na ya maji ya 1500 µF kwenye kazi hii. Sharti moja ni kwamba safu nzima ibadilishwe kwa pamoja. Ukiweka polima mbili katikati ya nne za maji, mbili hizo zitabeba karibu mzigo wote kwa kuwa ndizo njia nyepesi, na zile nne zitabaki pale kama pambo.

Lakini hapa pia ushauri wa kwamba kilicho bora mahali pamoja ni bora kila mahali unaangusha watu. Kuna vidhibiti vya volti vya aina ya zamani ambavyo vilibuniwa vikitegemea kwamba kapasita ya kutokea, yaani iliyo upande ambako volti hutokea, itakuwa na ukinzani fulani, na visipoupata huanza kutikisika, yaani kutoa volti zinazopanda na kushuka kwa kasi ambayo maltimita ya kawaida haiwezi kuionyesha. LM1117, kidhibiti kilichoenea sana, kimeandikwa wazi katika karatasi yake ya maelezo kwamba kapasita ya kutokea iwe na ukinzani kati ya oomu 0.3 na oomu 22. Polima au kauri yenye milioomu 10 haimo katika kipimo hicho. Fundi aliyebadilisha kapasita hiyo kwa nia njema ataanza kuitilia shaka kumbukumbu, kisha kichakataji, na pengine atanunua vyote viwili kabla ya kugundua kwamba alichoweka ni kizuri kupita kiasi.

Polima zina tabia nyingine mbili za kuangaliwa. Huvujisha mkondo zaidi kuliko za maji, kwa hiyo hazifai kwenye sakiti ya kupima muda wala kwenye sakiti ya saa inayoishi kwa betri. Pia hazivumilii kupitishwa volti zake, hivyo nafuu ya volti iwekwe kwa ukarimu. Nazo za kauri, ambazo wengine huzipendelea kwa sababu hazivuji kamwe, hupoteza sehemu kubwa ya maikrofaradi zake zinapowekewa volti: iliyoandikwa 47 µF inaweza kubaki na chini ya nusu ikiwa imewekwa karibu na mpaka wake. Zile ndogo za kauri za 100 nF zilizotapakaa kando ya kila chipu ni habari tofauti. Hizo ziachwe, kwa kuwa mara chache sana ndizo zenye kosa.

Kuhusu joto na saa, makala ilisema tu kwamba ya nyuzi 105 ni bora kuliko ya nyuzi 85. Ni kweli, lakini namba hiyo haina maana bila ile ya saa za kuishi katika joto hilo inayoandamana nayo, kwa sababu 105 yenye saa 1000 na 105 yenye saa 5000 ni vitu viwili. Kanuni inayotumiwa kwa kapasita za alumini zenye maji ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, umri huongezeka maradufu. Iliyoandikiwa saa 2000 kwa nyuzi 105 itatarajiwa kuishi saa 32,000 kwa nyuzi 65. Polima hufuata kanuni ya ukarimu zaidi, ambayo ni mara kumi kwa kila nyuzi 20, hivyo saa zile zile 2000 huwa 200,000 kwa nyuzi hizo 65. Nikiri kwamba kwa mashine inayowashwa mara chache kwa mwezi hesabu hizi ni za kujifurahisha, kwani kinachomaliza kapasita zake ni umri wa mpira na elektroliti yake wala si saa za kazi. Lakini zinasaidia pale kapasita inapokaa jirani na kipoza joto, ambapo kiwanda chenyewe mara nyingi kilibana matumizi.

Sasa tantali. Nieleweke kwamba sizichukii. Ni ndogo, hazikauki, na ukinzani wake wa wastani huvipendeza vile vidhibiti vya zamani nilivyovitaja. Kwenye Macintosh za kale watu wengi huweka tantali badala ya kapasita za alumini zilizovuja, na nyingi zinaendelea kufanya kazi bila shida. Tatizo ni kwamba inapokufa hukatika mara chache. Mara nyingi huunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na kwa kuwa ndani yake mna metali inayoweza kuungua pamoja na oksidi ya manganizi inayotoa oksijeni, huwaka moto halisi wenye mwali. Anayemiliki IBM PC ya 1981 au XT ya 1983 anaijua habari hiyo: kapasita za tantali za 10 µF zenye mpaka wa 16 V ziliwekwa kwenye mstari wa volti 12, na baada ya miaka mingi ya kukaa ghalani zikawa zinapasuka kwa kishindo mashine inapowashwa. Desturi ya leo ni kutumia tantali kwa nusu ya mpaka wake au pungufu, yaani ya 10 V au 16 V kwenye mstari wa volti 5, na ya 25 V au 35 V kwenye mstari wa volti 12. Makala ilisema 16 V inatosha kwa volti 12 kwa kuwa 16 ni kubwa kuliko 12, na hilo ndilo lililoziua zile za awali.

Kuna kosa lingine kwenye picha iliyoambatana na makala, na hili naomba mlisahihishe katika toleo lijalo bila kusubiri. Maelezo ya picha yalisema kwamba mstari uliochorwa kwenye kapasita huonyesha upande wa hasi. Kwa kapasita ya alumini ni kweli. Kwa tantali ya kubandika juu ya ubao ni kinyume chake: mstari ni chanya. Msomaji atakayebadilisha alumini kwa tantali akifuata picha hiyo ataziweka zote kichwa chini miguu juu, na atakachokiona baada ya kuwasha nimekwisha kukieleza.

Hata aliyeelewa mistari hiyo asiyaamini kabisa maandishi meupe yaliyochapwa juu ya ubao. Macintosh LC III ya 1993 ina kapasita iliyoandikwa C22 ambayo ipo kwenye mstari wa volti hasi 5. Kwa kuwa mstari ni hasi, upande wa chanya wa kapasita unapaswa kuelekea kwenye ardhi ya sakiti (mstari wa volti sifuri), lakini alama kwenye ubao imechapwa kinyume, na kiwanda kiliziweka kapasita kwa kuifuata alama hiyo. Kapasita za alumini za wakati ule ziliweza kuistahimili aibu hiyo kwa miaka. Tantali haitaistahimili. Kasoro ya namna hiyo ipo pia kwenye baadhi ya matoleo ya A3640, kadi ya kichakataji iliyotumika kwenye Amiga 4000, kwa kapasita C105, C106 na C107. Kinga yake ni rahisi na haihitaji mtaalamu: baada ya kutoa kapasita ya zamani, weka maltimita kwenye kipimo cha kuunganika, shika ncha moja kwenye ardhi ya ubao, na uguse vituo viwili vya kapasita uone ni kipi kimeungana na ardhi. Kisha jiulize kama mstari ule ni wa volti chanya au hasi. Dakika chache hizo zina thamani kuliko picha yoyote ya mtu aliyetangulia, kwa sababu picha nyingi zinaonyesha kosa la kiwanda likiwa limenakiliwa kwa uaminifu mkubwa.

Kwenye suala la kununua nitakuwa mfupi. Kapasita za alumini zilizokaa ghalani miaka ishirini, hata kama hazijaguswa na maboksi yake yangali yamefungwa, si mpya. Ile ngozi ya oksidi ndani yake hulegea kwa kukaa bila umeme, na mpira wake umezeeka kama ule wa iliyomo kwenye mashine. Aidha jina kubwa peke yake si dhamana, kwanza kwa sababu bandia zipo nyingi, na pili kwa sababu hata baadhi ya watengenezaji wa Japani wenye sifa waliwahi kutoa mifululizo yenye kasoro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nunua kwa msambazaji anayetambuliwa na mtengenezaji, ukiwa na jina kamili la mfululizo, kwa kuwa jina la kampuni bila mfululizo halikuelezi ukinzani wala saa. Pima pia kipenyo, urefu na nafasi kati ya miguu kabla ya kuagiza. Kopo la milimita 8 kwa kawaida lina miguu iliyoachana kwa milimita 3.5, na la milimita 10 kwa milimita 5. Anayelazimisha la pili kwenye matundu ya la kwanza huacha miguu ikiwa imepinda na mpira ukiwa umevutwa, na huko ndiko uvujaji mpya unakoanzia. Urefu nao husahaulika hadi pale kadi inapokataa kukaa kwenye nafasi yake.

Swali linalotangulia yote haya, ambalo makala haikuligusa, ni kama kapasita inahitaji kubadilishwa kweli. Kwa mashine za kundi la kwanza, zenye kapasita za alumini za kubandikwa zilizovuja, jibu langu ni ndiyo, zote, hata kama mashine inawaka, kwa kuwa kinachoendelea kuliwa ni ubao wenyewe. Kwa ubao wa mwaka 1984 wenye kapasita chache za miguu za ubora mzuri, ambazo zinapimwa vizuri kwa mita ya ESR na hazina unyevu kitakoni, jibu langu ni hapana. Kuna mtindo wa kung'oa kila kitu kwa sababu tu ni cha zamani, na mimi nauona ni wa hatari, hasa kwenye mbao zenye tabaka nyingi ambazo ardhi yake hunyonya joto la pasi yote. Fundi mwenye pasi dhaifu huishia kuvuta mguu kabla lehemu haijayeyuka, na shaba iliyofunika ndani ya tundu hutoka nayo. Ubao uliokuwa mzima unakuwa umeharibiwa na matengenezo.

Pale palipovuja, kubadilisha peke yake hakutoshi. Elektroliti iliyobaki chini ya kapasita mpya itaendelea na kazi yake, tena hupitisha umeme kidogo kidogo kati ya njia zisizopaswa kukutana. Safisha kwa maji yaliyokenekwa na brashi laini, kisha kwa alkoholi ya isopropili, uache ubao ukauke kabisa. Ondoa lehemu yote ya zamani kwenye vituo, kwa sababu iliyochanganyika na elektroliti haishikani vizuri na mpya. Halafu fuatilia kila njia iliyobadilika rangi kwa maltimita toka mwanzo hadi mwisho. Betri zilizovuja, kama ile ya nikeli na kadimi kwenye Amiga 2000, huacha alkali, na hizo husafishwa kwanza kwa siki kidogo au asidi ya ndimu kabla ya maji.

Nina neno pia kuhusu pawasaplai, kwa kuwa mara nyingi ndiyo mwanzo wa kosa linalodhaniwa kuwa la ubao. Ndani yake kuna kapasita zinazokaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na zile za karatasi za Rifa zilizotumika kwenye mashine kama BBC Micro zinajulikana kwa kupasuka ganda na kutoa moshi mzito. Hizo hubadilishwa na zenye daraja la usalama lile lile, X2 kwa X2 na Y2 kwa Y2, na kamwe si kwa kapasita ya kawaida yenye volti zinazofanana. Asiyezoea kazi hiyo ampelekee anayeizoea, kwani kwenye nchi za umeme wa volti 230 kapasita kubwa ya kuingilia huweza kubaki na volti zaidi ya 300 baada ya waya kuchomolewa.

Kazi ikishaisha, ubao usirudishwe moja kwa moja kwenye umeme. Pima ukinzani kati ya kila mstari na ardhi, volti 5, volti 12, na zile hasi kama zipo; unaposoma karibu na sifuri kuna mahali pameungana, ama kwa tone la lehemu au kwa kapasita iliyogeuzwa. Washa pawasaplai peke yake ikiwa na mzigo mdogo, kwa kuwa nyingi za kale hazitulii bila mzigo, uhakikishe kwamba mstari wa volti 5 upo kati ya 4.75 na 5.25. Baada ya hapo unganisha ubao, bila diski wala kadi za ziada, na upime tena volti hizo hizo zikiwa kwenye ubao wenyewe, karibu na chipu ya mbali kabisa na mahali waya unapoingilia. Zikiwa zimeshuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya volti kutoka pale zinapoingia, kuna kiungo au njia ya shaba iliyoliwa ambayo haikuonekana wakati wa kusafisha, na kapasita mpya hazitaiziba.

Wasalaam,

Fundi na msomaji wa gazeti lako